Ngai-ngai ya Mfereji

Wiki iliyopita nilikaribia kumpiga mtu kofi kule Makomeno. Nasema nilikaribia tu, usinifikirie vibaya. Nilikuwa nimepeleka gauni la mteja wangu, maana kazi yangu ni cherehani, na mlinzi wa nyumba ile alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta anafyeka majani kwa panga. Majani marefu kupita kiuno, mapana, yenye masikio mawili chini kama ncha ya mkuki, na juu yake vishada vya mbegu zenye rangi ya kutu. Yalikuwa yameota kwenye ufa kati ya ukuta na mfereji wa saruji, mahali ambapo huwezi kupitisha hata kidole. Nikamwambia, "Papa, acha hizo." Akanitazama juu chini. "Maman, hii iko majani tu. Patron hapendi buchafu." Mkono wangu ulishanyanyuka. Nikaushusha, nikaokota shina moja, nikalimenya na kulitafuna pale pale barabarani na gauni la watu begani. Uchachu ukanikamata nyuma ya taya mpaka machozi yakanitoka. Mlinzi akasogea pembeni na panga lake. Nadhani alifikiri nimerukwa na akili.

Hasira hiyo nimeirithi, ndugu yangu. Nimeirithi kwa Kaku. Sisi wa Lubumbashi ndivyo tunavyomwita bibi, na wangu alikuwa mzaa mama, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyetulea mimi na kaka yangu kule Katuba baada ya mama kuolewa mbali. Kaka yangu nilimwita Yaya, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Tulikuwa watatu ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na kati yetu watatu aliyekuwa na mkono mwepesi alikuwa mmoja.

Kaku alipiga. Sikufichi. Alipiga kwa kiganja, kwa mwiko, kwa kandambili ya mguuni, kwa fungu la majani lenye maji ambalo likikupata shingoni unasikia baridi kwanza, maumivu baadaye. Alitupiga tukichelewa, akatupiga tukiwahi bila kunawa. Alipiga mbwa, alipiga mlango uliokwama, na mara moja nilimwona akipiga mvua kwa ufagio kwa sababu ilimlowesha unga. Jirani yetu akimwambia apunguze, hasira hasara, yeye alijibu kwamba maneno hayo ni ya mtu asiye na kitu cha kulinda. Akishakupiga, anakupakulia. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na sahani ya baada ya kipigo ilikuwa na samaki zaidi.

Nyuma ya avenue yetu, barabara ya mtaa, kulikuwa na mfereji mpana wa udongo uliopokea maji ya kufulia, maji ya mvua, na kila kitu kingine ambacho watu hawakukitaka. Wakati wa kiangazi, baridi ya mwezi wa sita ikishaua lengalenga, mchicha wetu, kwenye bustani za watu na vumbi jekundu likakaa juu ya kila kitu, mfereji ule ulibaki kijani. Humo yaliota majani ya namna tatu. Kulikuwa na yale ya mkuki, machachu, ndiyo bora kuliko yote. Kulikuwa na mengine mapana kama ulimi wa ng'ombe, yasiyo na uchachu mwingi, ambayo Kaku aliyachanganya ili chungu kijae. Na chini kabisa, miguu ikiwa ndani ya maji, kulikuwa na yale ya vifundo vifundo, shina jekundu, vichwa vya punje za waridi nzuri kutazama. Hayo hayaliwi. Yanachoma ulimi kama pilipili. Najua yanavyochoma kwa sababu kila niliposema uongo, Kaku aliyasugua midomoni mwangu.

Alituamsha mapema kwenda kuchuma. Ukungu umelala mferejini, bomba la moshi la kiwandani halionekani bado, na vidole vyetu vimekufa ganzi. Yaya alishuka chini kabisa, mimi nilipokea juu, Kaku alisimama ukingoni na mawe mkononi. Mawe yalikuwa ya mbuzi. Mbuzi wa mtaa walipenda majani yale machachu kama sisi, na Kaku alikuwa na shabaha ambayo sijaiona tena kwa mwanamke wala mwanamume. Jiwe lilitoka mkononi mwake bila yeye kukunja bega, na mbuzi upande wa pili anaruka huku analia. Vijana walikuja kutazama. Walimwomba alenge kopo, alenge chupa. Yeye aliwalenga wao.

Hakuwa anapigana na mbuzi peke yao. Jirani yetu, mke wa fundi viatu, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, naye alikuwa anachuma mfereji ule ule. Alisema Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, na sisi watoto tulimwigiza tukicheka. Yeye na Kaku walikuwa wamegawana mfereji kwa jiwe moja jeupe, na kila mmoja aliamini mwenzake analisogeza jiwe. Siku moja walishikana. Sikusimulii kwa mzaha, ilikuwa vita. Vitambaa vya kichwa vilianguka majini, Kaku akamng'ata mwenzake mkononi, mwenzake akamburuta kwa mguu mpaka wote wawili wakaishia kwenye yale ya vifundo. Walitoka wamelowa tope, wanahema, na kila mmoja ana fungu lake amelibana kwapani. Hata jani moja halikupotea. Jioni yule mama alisimama uani kwake na kusema kwa sauti ya kusikika, "Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini bibi huyu hachelei mtu, jamani, ana meno." Kaku alikuwa anapuliza mbabula yetu, jiko la makaa, na nilimwona anatabasamu kwenye moshi.

Harufu ya chakula kile bado iko puani mwangu. Majani yanachemshwa mpaka yanageuka rangi ya kaki, yanaminywa, yanarudishwa chunguni na mafuta ya mawese, kitunguu, nyanya mbili tatu zilizolegea, na ndagala wachache, dagaa wetu, au kipande cha makayabu, samaki wa chumvi, kilicholowekwa tangu jana. Bukari, ugali wetu, inasongwa pembeni, nzito, inatoa pumzi. Unakata tonge, unachovya, na uchachu ule unakukunja uso kabla ya kukufurahisha. Tulikula kimya, kwa sababu anayesema wakati wa kula alipigwa mwiko.

Kinachobaki kiliuzwa. Na hapa ndipo neno linapoingia, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kwao Kaku majani machachu yote waliyaita lumanda, na kwa miaka mingi alipita mitaani akiita "Lumanda, lumanda." Halafu zikaja familia za askari, waliotoka upande wa Kinshasa na kusema Kilingala. Wake zao hawakujua lumanda ni nini. Mmoja wao alifunua beseni, akacheka, akasema kwao hiyo ni ngai-ngai. Siku iliyofuata Kaku alibadilisha wimbo. Hakujua Kilingala hata tone, na hakutaka kukijua, alisema ni lugha ya kuamrisha watu. Neno hilo moja tu ndilo alilichukua, kwa sababu liliuza.

Sisi watoto, tuliookota Kilingala njiani kama tunavyookota vifuniko vya chupa, tulijua kitu ambacho yeye hakukijua. Kwa Kilingala, ngai maana yake ni mimi. Basi bibi yetu alipita katikati ya Katuba na beseni kichwani akipaza sauti, "Mimi-mimi! Mimi-mimi!" Avenue nzima ilimpa jina, Kaku Mimi-Mimi. Alidhani wanamsifu. Yaya alipomweleza, alipigwa kwa kuchelewa kusema, halafu Kaku akatafakari kidogo, akasema, "Basi ni bien. Kama banaita, banaita miye."

Wakati ule askari walikuwa hawalipwi, na walijilipa wenyewe barabarani. Asubuhi moja mmoja wao alinyang'anya sinia la mikate la mama mmoja aliyekuwa anauza penye bomba la maji. Yule mama alishikilia sinia, askari akampiga kitako cha bunduki kifuani. Yaya alikuwa nyuma ya ukuta wa matofali, ana umri wa kuanza kuota ndevu, ana hasira ya nyumbani kwetu. Nilimwona akiokota jiwe. Na yeye alikuwa amejifunza kwa mwalimu mzuri. Jiwe lilimpata askari juu ya jicho, damu ikafunika uso wote, na sisi tukakimbia.

Hawakukawia kurudi. Walikuja na jeep, wengi, na yule mwenye jicho amefungwa kitambaa kilichokwisha kulowa. Walitutoa majumbani kwa mateke. Fundi viatu, yule jirani yetu, alitoka na kiatu cha mteja bado mkononi, wakamvunjia pua kwa kiatu hicho hicho. Walitupanga mstari mbele ya bomba, wakubwa kwa watoto, magoti chini. Kaku hakuwepo, alikuwa anazunguka na beseni lake. Yaya alikuwa karibu nami, na goti lake lilikuwa linagusa langu.

Mkubwa wao alitembea mbele yetu na fimbo. Akauliza kwa Kilingala, "Nani abwaki libanga?" Nani ametupa jiwe? Akampiga aliyekuwa wa kwanza, mzee, fimbo ya shingo. Akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, "Nani abwaki libanga?"

Na kutoka nyuma ya kona, sauti nyembamba, ya kuvuta, iliyozoea kusikika mbali, ikajibu, "Ngai-ngai! Ngai-ngai!"

Wewe unacheka. Hata sisi, Mungu atusamehe, kuna mmoja mstarini alicheka kwa pua. Kaku akatokea na beseni kichwani, akatuona tumepiga magoti, akasimama. Yule mwenye jicho alimfikia kwa hatua chache, akamtia kofi moja lililomwangusha pamoja na beseni. Majani yakamwagika kwenye tope la bomba. Yeye, akiwa chini, jambo la kwanza alilofanya ni kuanza kuyaokota.

Kati ya askari alikuwepo mmoja wa kwetu, aliyesema Kiswahili. Sura yake ilionyesha kwamba hakuipenda kazi ile. Aliinama kwake, akasema polepole, "Kaku, sikia. Habaulize unauzisha nini. Banauliza nani njo alitupa jiwe ku uso ya ule. Weye unajibu ni weye. Sema hapana, uende."

Alikuwa amepewa mlango. Ungeuona uso wake ungejua ameelewa kila kitu, na neno lake, na kosa lake, na mlango. Akageuka kututazama sisi, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Yaya. Na Yaya, kaka yangu mpumbavu, kaka yangu mwema, alikuwa anasimama. Midomo yake imeshafunguka. Nilimsikia akivuta pumzi ya kusema.

Kaku aliinuka na beseni la bati mikononi. Sijui alitoa wapi mbio zile. Alimpiga Yaya nalo mdomoni, ukingo wa beseni ukaingia kwenye meno, na nilisikia sauti yake kwa mifupa yangu mwenyewe. Yaya akaanguka chali. Akampiga tena. "Weye mutoto, nani alikuambia usimame wakati bakubwa banasema?" Akampiga mara nyingine, huku anamtukana, mpaka askari wakaanza kucheka. Damu na meno vilikuwa vinamtoka Yaya, hakuweza kusema hata jina lake. Jirani yetu, yule aliyeng'atwa mferejini, alijitupa juu yake akamkalia kifuani kwa uzito wake wote, akamfunga mdomo kwa ushungi. Nilimsikia akimnong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Usimharibie bibi yako kazi yake."

Kaku akaweka beseni chini. Akarekebisha kitambaa cha kichwa. Akamtazama mkubwa wao na kusema, safari hii bila kuimba, "Ngai-ngai. Njo miye." Ndiye mimi.

Yule wa kwetu alijaribu tena. Alisema hiki ni kizee, kizee gani anaweza kutupa jiwe toka kule mpaka hapa. Nadhani alitaka kumwokoa. Kaku alimkata jicho. Akainama, akaokota jiwe penye bomba, na bila kukunja bega akalituma. Taa ya jeep ikapasuka upande wa pili wa barabara.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Walimpiga mbele yetu. Sitakueleza namna walivyompiga, nimejaribu kueleza mara nyingi na kila mara nanyamaza mahali pale pale. Nitasema tu kwamba hakulia, na kwamba yule mwenye jicho alikanyaga mkono wake wa kulia kwa kiatu na kuuzungusha, kama mtu anayezima sigara. Kisha wakamtupa nyuma ya jeep. Yaya alikuwa anapiga miguu chini ya yule mama, macho yamemtoka. Mimi nilimchukia wakati ule. Nilimchukia yeye, nikamchukia Kaku kwa kumchagua yeye, na nikaokota majani yote yaliyokuwa kwenye tope kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Juma halikuisha kabla hawajamwachilia. Walimshusha sokoni, akatembea mwenyewe mpaka nyumbani, ameinamia upande. Tulikuwa tumekata tamaa. Jirani alikuja na maji ya moto na chumvi, akamwosha mwili mzima huku anamsomea dua zake, na Kaku, Mkatoliki wa kila Jumapili, aliitikia amina. Vidole vya mkono wa kulia havikufunga tena mpaka alipokufa. Yaya alipiga magoti mbele yake na mdomo uliovimba, mapengo mbele, akajaribu kusema anachotaka kusema. Kaku alimpapasa kichwa kwa mkono wa kushoto. Akamwuliza kama amekula.

Siku hizi mfereji ule umefunikwa kwa saruji, na juu yake kuna vibanda vya vocha na vya kukata nywele. Jirani yetu amezikwa. Yaya ni fundi umeme Kampemba, ana wajukuu, ameweka meno ya bandia na hupenda watu waone akicheka. Wanawake wanauza ngai-ngai iliyolimwa bustanini, imefungwa mafungu mazuri, ya mkuki hawaitaki, wanasema ni ya pori. Mambo yanapita, sina ugomvi na hilo. Kuna jambo lingine ambalo nina ugomvi nalo mpaka leo.

Nilitazamia kwamba Kaku akipona ataanza tena. Vidonda vilikauka. Alirudi mferejini, akachuma kwa mkono wa kushoto. Mbuzi walikuja, wakala upande wake wa jiwe jeupe, na yeye aliwatazama. Nilichelewa kurudi kutoka shuleni makusudi, nikaingia ndani na miguu michafu. Alisema, "Karibu." Nilimdanganya nikasema mwalimu amenituma, nikasimama pale nimetoa midomo mbele, tayari kwa yale ya vifundo. Alisema, "Sawa." Mwisho, siku moja alipokuwa amekwisha kuminya majani ya chakula cha jioni na kuyaweka kwenye sinia, niliyashika yote nikayamwaga uani, kwenye majivu, mbele ya macho yake, nikayakanyaga kwa kisigino. Yaya alikuwa mlangoni. Tulisimama wote wawili, tunamtazama, tunasubiri. Wallahi nilikuwa nasali anipige.

Kaku aliinama taratibu. Akaanza kuyaokota, jani moja moja, kwa ule mkono mzima, na kuyapuliza majivu.

"Haina kitu, mwanangu," aliniambia. "Tutayaosha."